Jina likifutwa, kijiji kinabaki: taarifa za afya kati ya Masisi na Walikale

Tarehe 17 Oktoba 2009, katika vijiji saba vya teritwari ya Masisi, mashariki ya Kongo, maelfu ya watu walikuwa wamefika na watoto wao kupata chanjo ya surua. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walikuwa wameshatangaza ratiba: kijiji gani, siku gani. Vijiji hivyo vilikuwa mikononi mwa FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, na Wizara ya Afya ilikuwa haijaweza kuvifikia. Pande zote zinazopigana, jeshi la taifa likiwemo, zilikuwa zimetoa ahadi kwamba chanjo itafanyika kwa usalama. Jeshi likashambulia vijiji vyote saba siku hiyohiyo. Watu wakatawanyika risasi zikilia, na mwezi uliofuata MSF ikasema hadharani kwamba inajiona ilitumiwa kama chambo.

Ratiba ile haikuwa na jina la mgonjwa hata mmoja. Haikutaja umri wala ugonjwa wa mtu. Hakuna muuguzi aliyevunja kiapo, hakuna faili lililoibwa. Palikuwa na mahali na tarehe tu, na hivyo viwili vilitosha kuwaweka watoto katikati ya mapigano.

Tangu siku hiyo vyombo vimebadilika sana. Simu zimefika, programu zimefika, mashirika yamefika na kuondoka na kurudi. Lakini mjadala wa usiri wa taarifa za afya bado unazunguka jambo lilelile, yaani jina. Tunaambiwa jina likiondolewa taarifa inakuwa salama, na ikishakuwa salama inaweza kwenda popote. Mimi naona kwamba Masisi na Walikale zinaonyesha udhaifu wa hoja hiyo kuliko karibu sehemu yoyote ninayoijua. Huko hatari haifuati sana jina la mtu. Inafuata kijiji chake, siku aliyotibiwa na aina ya kidonda chake.

Teritwari hizi mbili ni jirani, lakini hazifanani. Masisi ni milima ya malisho na mashamba, watu wamebanana, na migogoro ya ardhi imerithishwa kutoka kizazi hadi kizazi. Walikale ni msitu: zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu na ukubwa wa Rwanda nzima, na barabara ambazo mvua ikinyesha pikipiki ndiyo inayobebwa na mtu. Kwa upande wa afya zimegawanywa katika zoni. Masisi ina zoni ya Masisi yenyewe, Mweso, Kirotshe na Katoyi. Walikale ina Walikale, Kibua, Itebero na Pinga. Ndani ya kila zoni kuna maeneo madogo ya afya, na kila eneo lina kituo chake na muuguzi mkuu ambaye watu humwita titulere.

Taarifa huanzia chini kabisa, kwa reko, yule mhudumu wa kujitolea anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaharisha na nani amezaa nyumbani. Reko humpelekea titulere. Titulere hujaza daftari, fishi za wagonjwa na ripoti. Ofisi kuu ya zoni huingiza hesabu katika DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kongo imeifanya mhimili wa takwimu zake za afya kama zilivyofanya Tanzania, Kenya na Uganda. Kutoka zoni hesabu hupanda Goma, makao makuu ya mkoa, kutoka Goma hupanda Kinshasa, na kutoka Kinshasa huenda Geneva na kwa wafadhili.

Hiyo ndiyo njia ya kwenye mchoro. Njia ya pembeni ina msongamano zaidi. Ukurasa wa daftari hupigwa picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu kompyuta ya ofisi haina umeme na ripoti inadaiwa leo. Mashirika huja na dodoso zao kwenye KoboToolbox, kila moja na lake, na mama yuleyule hujibu maswali yaleyale mara tatu. Daktari aliye peke yake na jeraha asilolielewa hutuma picha kwa bingwa aliye mbali na kusubiri jibu. MSF ina utaratibu rasmi wa ushauri wa namna hii tangu 2010, wenye kanuni zake. Wengine hutumia simu zao binafsi.

Sitaki kuibeza njia ya pembeni. Mgonjwa wa Walikale hawezi kufikishwa kwa bingwa, basi ni heri picha yake ifike. Titulere anayeituma kwa simu yake, kwa vocha aliyoinunua kwa mshahara ambao mara nyingi haulipwi, anafanya kazi ya serikali kwa gharama yake mwenyewe. Ukimwambia amevunja kanuni, ana haki ya kukuuliza kanuni hiyo ilikuja na vifaa gani.

Kabla ya simu kulikuwa na foni, redio ya upepo. Ripoti ya wiki ya magonjwa ya mlipuko ilisomwa hewani, na yeyote mwenye redio kwenye masafa yale alisikia. Wapo wanaosema kwa hiyo siri haijawahi kuwepo huku, tunalilia kitu gani? Jibu ni kwamba sauti ya foni ilipotea ikishasemwa. Picha ya daftari inabaki katika simu za watu thelathini, na simu hizo hupita baria, vizuizi vya barabarani. Kwenye baria, mwenye bunduki akikuambia fungua simu, unafungua.

Sheria zipo, tena si chache. Kanuni ya adhabu ya Kongo, katika kifungu cha 73, inamwadhibu anayetoa siri aliyoipata kwa sababu ya kazi yake. Sheria ya 14 Julai 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Sheria ya misingi ya afya ya umma ya 13 Desemba 2018 inagusa haki za mgonjwa, na Kanuni ya Dijitali ya 13 Machi 2023 imeleta sura nzima kuhusu ulinzi wa data binafsi, data za afya zikiwa miongoni mwa zile zinazohitaji uangalifu wa juu. Zote zinaanza na mtu mmoja anayeweza kutambulika. Akishakuwa hatambuliki, sheria inalegeza mkono.

Lakini nani hatambuliki katika kijiji cha nyumba sitini? Andika tu kwamba mwanamke wa miaka 34 alitibiwa baada ya kubakwa, taja kijiji na taja wiki, na jirani zake hawatahitaji jina. Mumewe hatalihitaji. Waliomfanyia unyama hawatalihitaji, na mara nyingi bado wako mlima wa pili. Katika jedwali la mkoa mtu huyo ni namba 1 ndani ya kisanduku kidogo, na namba 1 katika kisanduku kidogo ni sura ya mtu.

Halafu kuna kabila. Masisi na Walikale ni nchi ya Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakumu, Wahutu na Watutsi, na kwa watu wa huko jina la mtu au la kijiji husema mengi kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Jedwali la utapiamlo likipangwa kwa vijiji, msomaji wa Geneva anaona njaa. Msomaji wa karibu anaona ni jamii ipi inayopata unga na ipi haipati, na anaanza kupiga hesabu nyingine.

Kibaya zaidi ni vidonda vya risasi. Hospitali Kuu ya Masisi, ambayo MSF imekuwa ikiisaidia tangu 2007, hupokea majeruhi bila kuuliza mtu alikuwa upande gani. Hivyo ndivyo sheria za vita zinavyotaka. Sasa tuseme ripoti ya wiki inaonyesha kwamba kituo fulani, ambacho kwa kawaida hakina majeruhi, kimepokea tisa. Mtaalamu wa afya atafikiria damu na dawa za usingizi. Kamanda atafikiria ni kikosi cha nani kilichopita pale na kinapeleka wapi watu wake. Safu moja ya jedwali la afya imekuwa habari ya kijasusi, na majeruhi wakihisi hivyo hawatakuja hospitalini tena. Watakuja wakiwa wameoza, au hawatakuja.

Hadi hapa inaonekana kana kwamba jawabu ni kunyamaza. Luvungi inatukatalia jawabu hilo.

Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi katika teritwari ya Walikale, wapiganaji wa FDLR na wa Mai-Mai Sheka, pamoja na kundi la kanali mmoja aliyeasi jeshi, waliingia katika vijiji 13, Luvungi kikiwa kimojawapo, na kubaka. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka uliofuata ulihesabu watu wasiopungua 387: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, walikuwa na kambi Kibua, mwendo wa makumi machache ya kilomita. Askari wake walipita barabara ileile wakati mambo hayo yakiendelea au yakimalizika, na hawakujua.

Waliojua kwanza walikuwa wahudumu wa afya. Shirika la International Medical Corps, lililokuwa likisaidia vituo vya eneo hilo, lilianza kuwapokea wanawake siku za mwanzo za Agosti. Baadaye likazuka bishano refu na la aibu kuhusu nani alimwambia nani, lini, na kwa maneno gani: shirika likisema lilitoa taarifa kwa Umoja wa Mataifa tarehe 6 Agosti, MONUSCO ikisema ilipata habari tarehe 12. Kulikuwa pia na barua pepe ya tahadhari ya tarehe 30 Julai, iliyosema waasi wamesogea huko na kutaja ubakaji, ambayo haikumfanya mtu yeyote ainuke kitini. Septemba hiyo Atul Khare, msaidizi wa Katibu Mkuu, alikwenda mbele ya Baraza la Usalama na kukiri kwamba Umoja wa Mataifa ulishindwa.

Mtu wa afya alipaswa kufanya nini? Kanuni za kutibu manusura wa ubakaji ziko wazi: anachokwambia mgonjwa ni chake, na hakuna kinachotoka bila ridhaa yake. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mgonjwa mmoja. Wakija ishirini kutoka barabara moja kwa siku mbili, ukimya unaomlinda wa ishirini unamwacha wazi wa ishirini na moja, ambaye bado yuko nyumbani. Upo mpaka kati ya siri ya mgonjwa na tahadhari ya umma, na nionavyo, mpaka huo haufuati swali la jina. Mtu anaweza kusema "barabara ya Kibua kwenda Mpofi, tumeni askari usiku huu" bila kumtaja mgonjwa, bila idadi, bila hata kutamka ubakaji. Tahadhari ya namna hiyo inahitaji mahali na wakati, basi. Takwimu zinahitaji idadi na aina, na zinaweza kusubiri wiki sita. Kilichotokea Luvungi kilikuwa kinyume: mahali palisubiri, na idadi zilipofika zilikwenda moja kwa moja kwa waandishi wa habari.

Kwa sababu waandishi walifika kweli. Luvungi, kijiji ambacho mwezi mmoja kabla hakuna aliyekijua, kikawa mahali pa kushukia helikopta. Wanawake walisimulia mbele ya wageni, wakasimulia tena, na dunia ikajifunza jina la kijiji chao kwa jambo ambalo wao wangetaka lisiwe jina lao. Kwa mwanamke wa Luvungi anayekwenda sokoni Walikale-kati, kusema tu anakotoka kulikuwa kumeshamweleza. Hakuna fomu ya ridhaa inayogusa madhara haya, maana madhara yenyewe yalikiangukia kijiji kizima, pamoja na wale ambao hawakuguswa wala hawakuulizwa.

Mwaka 2013 jarida la Marekani la Foreign Policy lilichapisha makala iliyotilia shaka idadi yenyewe. Waliokusanya ripoti walizitetea. Sitaingia katika ugomvi huo, ila nautazama kwa jambo moja: ungemalizwa vipi? Kuthibitisha idadi ni kufungua fishi za kituo, na kufungua fishi ni kuwasaliti waliotibiwa kwa sharti kwamba hazitafunguliwa. Kutozifungua ni kuiacha shaka iote mizizi, na shaka hiyo humfaa mbakaji. Kongo ya mashariki imewahi kupitia ubishi wa namna hii kwa kipimo kikubwa zaidi, pale shirika la misaada la IRC lilipokadiria vifo milioni 5.4 kati ya 1998 na 2007 na watafiti wengine wakaipinga hesabu hiyo. Hesabu ikishaondoka kijijini inakuwa mali ya wanaogombana, na aliyeitoa hana tena sauti ndani yake.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo manusura mwenyewe anataka taarifa yake isafiri, nako ni mahakamani. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa Mai-Mai Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma tarehe 23 Novemba 2020, zaidi ya miaka kumi baada ya Luvungi. Katika kesi za namna hii cheti cha daktari kina uzito mkubwa, na cheti cha karatasi hulowa, huungua, huibwa. Ndiyo sababu ya MediCapt, programu ya simu iliyobuniwa na Physicians for Human Rights na kujaribiwa pamoja na Hospitali ya Panzi ya Bukavu, kisha ikaanza kutumika Kenya. Daktari hujaza fomu na kupiga picha za majeraha, vyote vinafungwa kwa msimbo, na hata pasipo na mtandao kazi inaendelea. Naipenda kwa sababu ilitengenezwa pamoja na waganga wanaoitumia, na kwa sababu inajua taarifa inakwenda kwa nani. Taarifa nyingi za afya za Masisi hazijui hilo.

Ebola ilikuja kutoka upande mwingine wa mkoa. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikitokea Mangina karibu na Beni, ikaisha rasmi 25 Juni 2020, na kati ya tarehe hizo ikawapata watu 3,470 na kuua 2,287. Walikale iliguswa kidogo: zoni ya Pinga ilikuwa na mgonjwa mmoja, Agosti 2019. Lakini mfumo wote ulihamia huko kwa kasi ambayo watu wa Pinga hawakuwahi kuiona kwa ugonjwa wowote. Ebola hufukuzwa kwa majina. Kila aliyemgusa mgonjwa huandikwa, hufuatwa kwa siku 21, huchanjwa, na walio karibu naye huchanjwa. Hakuna namna ya kufanya kazi hiyo bila orodha, na ningekuwa waziri ningeiagiza vilevile. Ila orodha za majina katika nchi ambako orodha za majina zimewahi kutangulia mauaji haziwezi kupokelewa kama zinavyopokelewa Norway. Serikali ilipoahirisha uchaguzi Beni na Butembo mwishoni mwa Desemba 2018 kwa kutaja Ebola, kisha ikakata intaneti nchi nzima kwa takriban siku ishirini, wengi walijumlisha wenyewe: ugonjwa huu ni wa kisiasa, na wanaoandika majina ni wa siasa. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Aprili 19 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Wakati huohuo surua ilikuwa ikiua Kongo nzima. Mwaka 2019 peke yake watu zaidi ya 310,000 walishukiwa kuugua na zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto. Taarifa zilikuwepo, matitulere walizijaza kila wiki kwa uaminifu uleule. Hazikuleta magari meupe. Mama wa Pinga aliyezika mtoto kwa surua, akaona msafara mkubwa ukija kwa mgonjwa mmoja wa ugonjwa mwingine, aliweza kuhitimisha mwenyewe kwamba taarifa za afya hupanda kwa ajili ya watu wa mbali wanaoogopa, wala hazishuki kwa ajili yake. Angekuwa amekosea kiasi gani? Nadhani hapa ndipo swali la kijamii linapokuwa zito kuliko swali la usiri. Watu huvumilia kuulizwa mambo ya ndani pale wanapoona jibu lao limerudi kama dawa, maji au barabara. Wasipoliona, hujifunza kudanganya, na reko aliyewapitia hubeba lawama.

Ridhaa, basi, inamaanisha nini katika mazingira haya? Mama amesimama tangu alfajiri na mtoto mwenye homa, mbele yake fomu ya Kifaransa, na anaambiwa weka kidole. Ataweka. Angeweka hata kama imeandikwa kwamba anauza shamba. Mtafiti anayeitegemea alama ya kidole ile kama uthibitisho wa hiari anajidanganya, na nadhani watafiti wengi wanalijua hilo.

Simu nazo zina ujanja wao. Programu nyingi za kukumbusha dawa zilibuniwa kwa dhana kwamba simu ni ya mtu mmoja. Katika nyumba nyingi za Masisi simu ni ya nyumba, maana yake ni ya baba. Ujumbe wa kumkumbusha mke dawa za UKIMWI ukisomwa na mumewe kwanza, hakuna mdukuzi aliyehusika, hakuna seva iliyovunjwa, na ndoa imekwisha. Kuhusu siri ya wanaoishi na virusi, Kenya ina somo linalofaa kujulikana Goma: Februari 2015 agizo la rais lilitaka kukusanywa kwa orodha za watoto wa shule na watu wengine wanaoishi na virusi, na Desemba 2016 Mahakama Kuu mjini Nairobi ikasema ukusanyaji huo unakiuka katiba. Desemba 2025 mahakama hiyohiyo ikasimamisha kwa muda sehemu ya makubaliano ya afya kati ya Kenya na Marekani iliyohusu kupeleka data za wananchi nje. Wakenya wana mahali pa kulalamika. Mwanamke wa Itebero angepeleka wapi?

Swali hilo lilipata ukali mpya mwaka 2025. Tarehe 4 Januari waasi wa M23 waliiteka Masisi-kati. Maelfu ya watu walikimbilia kwenye uwanja wa hospitali. Tarehe 27 ya mwezi huohuo wakawa wameingia Goma, ambako zilikuwepo ofisi za afya za mkoa. Machi 19 walifika Walikale-kati, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika mabadiliko kama hayo watu huondoka na magodoro. Kompyuta za ofisi, madaftari ya miaka, orodha za manusura na za wanaotumia dawa hubaki au hupotea kulingana na bahati ya siku ile. Kanuni ya Dijitali ya 2023 imeandikwa kana kwamba ramani ya nchi na ramani ya mamlaka ni kitu kimoja. Mganga aliyebaki kazini chini ya watawala wapya, akiombwa daftari la majeruhi, hana nakala ya sheria ya kumwonyesha mwenye bunduki. Ana adabu yake tu, na pengine ujanja wa kusema daftari liliibwa.

Wala si vizuri kudhani kwamba ngome iko Ulaya. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo kama kuna shirika linaloijua vita ni hiyo, iligundua kuwa seva zake zimedukuliwa, na data za watu zaidi ya 515,000 waliotenganishwa na jamaa zao, waliopotea au walio vizuizini zimefikiwa na wasiojulikana. Tena hao walikuwa wamechukua tahadhari. Mashirika madogo yanayopita Masisi kwa mradi wa miezi sita huacha nini nyuma, na mradi ukifungwa, akaunti ya dodoso hubaki kwa nani? Fedha za Marekani zilipokatwa mwanzoni mwa 2025, miradi mingi duniani ilifungwa kwa siku chache. Wafanyakazi walirudisha magari na funguo. Majibu ya wagonjwa hayana mlango wa kurudishiwa.

Nikiulizwa ningebadilisha nini, ningeanza na visanduku vidogo. Zoni inaweza kuona hesabu ya kila kijiji kwa sababu ndiyo inayopeleka dawa, lakini Goma haihitaji kijiji, na Geneva haihitaji hata zoni. Pale ambapo hesabu iko chini ya tano, iunganishwe na ya jirani kabla haijapanda. Safu ya vidonda vya risasi itoke katika ripoti za wiki na ibaki katika ripoti za miezi mitatu, kwa mkoa mzima. Ratiba za chanjo zipewe wazazi siku chache kabla, kupitia makanisa na wakuu wa vijiji, wala zisiwe ramani inayosambazwa kwa barua pepe kwa kila anayehudhuria mkutano wa uratibu. Najua mratibu atalalamika kwamba hataweza kupanga kazi. Sehemu ya malalamiko yake ni ya kweli, na mengine ni mazoea ya kutaka kuona kila kitu.

Jambo gumu zaidi ni nani aamue kuhusu kijiji. Kila eneo la afya lina kamati yake ya maendeleo, CODESA, yenye wajumbe wa wananchi, ambayo kwa sasa huitwa hasa pale panapotakiwa vibarua au kuhamasisha chanjo. Hiyo ndiyo ningeipa haki ya kuiona picha ya kijiji kabla haijatumwa: mnasemwa hivi, kwa hawa, kwa sababu hii, na taarifa itafutwa mwezi fulani. Iwe na haki ya kukataa utafiti, na ya kuuliza mwaka uliofuata utafiti ule ulileta nini. Lakini wajumbe wa kamati ni watu wa hapo. Mmoja ni shemeji wa kamanda wa wanamgambo wa Wazalendo, mwingine amempa mwanawe kwa kundi la upande wa pili bila kupenda, na chifu anayekaa kichwani mwa meza huenda ndiye ambaye mwanamke aliyebakwa anamwogopa kuliko wote. Kwa hiyo kamati ione utapiamlo, kipindupindu, chanjo na uzazi, na isikaribie kabisa fishi za manusura wala daftari la majeruhi. Hayo mawili yabaki kati ya mgonjwa na aliyemtibu, na funguo zake zikae na muuguzi mwanamke ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua, ikiwa kituo kinaye.